Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar: Mahakama ile sasa ikae

Kwa Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar,

Tungekutana hapa Bariadi ningekuamkia kwa Kisukuma "mwangaluka", ungeitika, tungeulizana habari za mvua na za mifugo, na shauri lenyewe lingefuata baadaye, chai ikishamiminwa. Barua haina nafasi hiyo, niwie radhi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Uraia kwa miaka mingi, na kila mwaka nilifika kwenye mada ya Muungano. Niliandika ubaoni kwamba Serikali mbili zikibishana juu ya Katiba, zinapelekana Mahakama Maalum ya Katiba, ibara ya 125 hadi 128. Siku moja binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, jengo lake liko wapi?" Nikamjibu, Dodoma. Kengele ikaniokoa.

Nilidanganya, Mheshimiwa. Mahakama ile imo ndani ya Katiba ya 1977 na haijakaa hata siku moja. Haijasikiliza shauri, haijaandika hukumu, haijamwita shahidi. Nimestaafu nikiwa na deni la jibu lile, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyoona kwamba mwenye uwezo wa kunilipia ni wewe. Sikuandikii kwa sababu nataka Muungano uvunjike. Sitaki, na nitaeleza kwa nini. Nakuandikia kwa sababu ofisi yako imekaa kimya mahali ambapo sheria imeipa kinywa, na kimya hicho kinatugharimu na sisi tulio mbali na bahari.

1. Mlango ule wananchi hatuwezi kuugonga. Katiba inasema kazi pekee ya mahakama ile ni kusikiliza ubishi juu ya tafsiri ya Katiba kati ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na kutoa uamuzi wa usuluhishi. Nusu ya wajumbe huteuliwa na upande mmoja, nusu na upande wa pili. Uamuzi unataka theluthi mbili za wajumbe wa Bara na theluthi mbili za wajumbe wa Zanzibar, na ukishatoka hauna rufaa. Humo hamna nafasi ya mwalimu wa Bariadi wala ya mvuvi wa Mkoani. Funguo ziko mbili: mmoja Dodoma, mwingine kwenye ofisi unayoiongoza. Wa Dodoma hana haraka ya kufungua, maana hali ilivyo inamtosha. Umebaki wewe.

Ndiyo maana wananchi wenu wamekuwa wakizunguka kugonga milango ya pembeni. Mwaka 2005 wachache walikwenda Mahakama Kuu ya Zanzibar kuidai Hati ya Muungano, ile waliyotia saini Nyerere na Karume tarehe 22 Aprili 1964. Jibu la ofisi yako lilikuwa kwamba haina hati halisi. Baadaye wengine, orodha yao ikifika watu elfu arobaini hivi, wakapanda hadi Arusha kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kuhoji uhalali wa Muungano wenyewe. Wakarudi bila jawabu walilolifuata. Hati ilikuja kuoneshwa hadharani Aprili 2014, mjadala wa Katiba mpya ukiwa umepamba moto, na aliyeionesha alikuwa Ombeni Sefue, Katibu Mkuu Kiongozi wa Serikali ya Muungano. Huku kwetu watu wakikodishiana hata shamba la dengu la msimu mmoja, kila mmoja huondoka na karatasi yake.

2. Kiti unachokalia kina historia, na lazima tuiseme kwa sauti. Mwaka 1964 aliyekuwa akikaimu nafasi yako, Wolfgang Dourado, aliwekwa pembeni wakati Muungano unaundwa. Ushauri wa sheria kwa upande wa Zanzibar ukatafutwa kwa wakili kutoka Uganda, Dan Nabudere. Profesa Issa Shivji ameyachambua haya kwa kina, pamoja na swali ambalo halijazikwa: je, Baraza la Mapinduzi liliiridhia Hati ile kama ilivyotakiwa? Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa ya Muungano, mwanasheria wa Zanzibar hakuwamo chumbani.

Ikapita miaka ishirini. Rais Aboud Jumbe alikusudia kufanya hiki hiki ninachokuomba leo: kuipeleka hoja ya muundo wa Muungano mbele ya Mahakama Maalum ya Katiba. Mwanasheria Mkuu wake, Bashir Kwaw-Swanzy, Mghana aliyewahi kushika wadhifa kama huo kwao enzi za Nkrumah, alimsaidia kuandaa hati. Hati ikavuja kabla haijafika mahakamani. Januari 1984 Jumbe alisimama mbele ya Halmashauri Kuu ya CCM hapo Dodoma, na alipotoka hakuwa tena Rais wa Zanzibar, wala Makamu wa Rais wa Muungano, wala Makamu Mwenyekiti wa chama. Shauri la sheria likahukumiwa na kikao cha chama, mshtaki akageuka mshtakiwa. Kama mahakama ile ingekaa mwaka ule, pengine Jumbe angeshindwa kwa hoja. Lakini tungekuwa na hukumu mkononi. Badala yake tulibaki na minong'ono, na minong'ono ya mwaka ule ndiyo inayosikika kwenye vijiwe vya kahawa vya Mji Mkongwe hadi leo.

Halafu 2014, na hapa sisi watu wa Bariadi hatuna pa kujificha. Mwenyekiti wa Kamati ya Uandishi ya Bunge Maalum la Katiba alikuwa mbunge wetu wa Bariadi Magharibi, Andrew Chenge, mtu aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Muungano kuanzia 1993 hadi 2005. Mezani kwake ilikuwapo rasimu ya Tume ya Jaji Warioba yenye serikali tatu. Tume ilikuwa imehesabu: kati ya waliotoa maoni juu ya Muungano, asilimia 61 ya wa Bara walitaka serikali tatu, na asilimia 60 ya Wazanzibari walitaka Muungano wa Mkataba. Muungano wa Mkataba, Mheshimiwa, maana yake ni muungano wenye mlango wa kutokea. Kwenye andiko lililotoka mikononi mwa kamati hakikuwamo hata kimoja. Katika kamati ile ile alikuwamo mtangulizi wako, Othman Masoud Othman. Alijitoa, na siku ya kupiga kura akasema hapana kwa baadhi ya ibara, waziwazi, ukumbini kukawa na zogo. Katiba Inayopendekezwa ikapita tarehe 2 Oktoba. Mwezi huo huo akaondolewa kwenye uanasheria mkuu.

Nakala ya Katiba Inayopendekezwa ninayo bado, imo kwenye kiroba pamoja na daftari za shule. Panya wamekula kona moja. Kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 haikupigwa, kwa hiyo kitabu kile si sheria wala si takataka. Wakati mwingine nakitoa na kujiuliza ni kitu gani hasa mwanasheria yule wa Zanzibar alikataa, na kwa nini alipaswa kukisema kama mjumbe mmoja kati ya mamia, katikati ya kelele, badala ya kukisema kama wakili wa Serikali yake mbele ya mahakama iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Machi 2021 aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Nchi zetu zina namna ya ajabu ya kuwafukuza watu na kuwarudisha kwa mlango mwingine, hoja zao zikiwa zimeachwa nje.

3. Mlipokwenda mahakamani kusema Zanzibar ni dola, mlikwenda kwa jambo lisilo zuri. Wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF, akiwemo Machano Khamis Ali, walikamatwa kuanzia 1997 na kushtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar. Walisota rumande miaka mitatu hivi. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ikasema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola yenye mamlaka kamili. Yaani hoja nzito kuliko zote ya Wazanzibari ilibebwa kizimbani na mawakili wa Serikali yao kwa kusudi la kuwafunga Wazanzibari wenzao. Ikaangushwa. Mtu akikuuliza kwa nini watu hawaamini ofisi yako ikisema inalinda hadhi ya Zanzibar, mkumbushe kesi ile.

Kisha 2010, Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar. Mkaandika kwamba Zanzibar ni nchi. Katiba ya Muungano, ibara yake ya kwanza, inasema Tanzania ni nchi moja. Nilikuwa bado darasani. Wanafunzi wa kidato cha nne waliniletea sentensi hizo mbili wakiwa wameziandika moja juu ya nyingine na kuniuliza ipi waandike kwenye mtihani. Niliwaambia waandike ya Muungano, wasije wakakosa alama. Silalamikii Zanzibar kujiita nchi. Nalalamikia kwamba mmeandika nyumbani kwenu jambo ambalo hamjawahi kusimama kulitetea mbele ya mwenzenu. Wa Dodoma nao wakanyamaza. Katiba mbili zinapingana mchana kweupe, na serikali mbili zinatazama pembeni.

4. Vikao vya kero. Najua utaniambia iko Kamati ya Pamoja chini ya Makamu wa Rais, na kwamba kero nyingi zimeondolewa. Nashukuru. Ila kinachomalizwa kwa kupeana mikono hakimfungi anayekuja kesho, wala mwananchi hawezi kukishika na kwenda nacho kwa wakili.

5. Sisi wa Bara hatuna mwanasheria kabisa. Hili ndilo linaloniuma, na naomba ulisome taratibu.

Wewe, hata ukinyamaza, upo. Zanzibar ina Mwanasheria Mkuu mwenye jina, ofisi na gari. Tanganyika haina. Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaposimama, anasimama kwa ajili ya Muungano mzima, ukiwemo wewe. Siku mahakama ile ikikaa, nusu ya wajumbe watateuliwa na Serikali ya Muungano, na Katiba itawaita wajumbe wa Bara. Nani amewatuma kutoka Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega? Msimu wa pamba njoo kwenye kituo chochote cha AMCOS, ushirika wa wakulima, hapa Simiyu. Mkulima akishatundika mzigo wake kwenye mizani hageuki kisogo. Anasogea, anainama, anafumba jicho moja, anasoma namba kwa mdomo, ndipo karani aandike kwenye stakabadhi. Mnunuzi naye anasoma. Wakitofautiana wanaushusha mzigo na kuutundika upya, na foleni yote inasubiri, hata jua liwe kali vipi. Kwenye mizani ya Muungano, kwa upande wetu anayesoma ni mtu wa mnunuzi na muuzaji kwa pamoja.

Na mzigo wetu si wa mezani. Kijana wangu wa tatu yuko Nungwi, Zanzibar, mwaka wa tisa, fundi viyoyozi kwenye mahoteli. Ameoa huko, ana mtoto wa kiume. Alipokwenda kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi za mtoto, karani alimwuliza: wewe ni mgeni au mkaazi? Akanipigia simu usiku akicheka, lakini kicheko cha mwanangu nakijua. Hawezi kumiliki kiwanja kule. Hapa mjini kwetu kuna Mpemba mwenye duka la vifaa vya umeme, tumezeeka naye, amejenga nyumba yake mwenyewe na hakuna aliyemwuliza ni mgeni au mkaazi, na namwomba Mungu asije akaulizwa. Sasa niambie: Muungano ukivunjika kesho, mjukuu wangu ni wa nchi gani? Na Mpemba yule, nyumba yake ni ya nani? Katiba ya Muungano haisemi. Ya Zanzibar haisemi. Hati ya Muungano yenyewe haina neno hata moja juu ya kutoka.

Ajabu ni kwamba jambo hili tunalijua kwingine. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ibara ya 145: nchi ikitaka kutoka, Bunge lake lipitishe kwa theluthi mbili, itoe taarifa, ingoje miezi kumi na miwili. Tumeandika jinsi ya kuachana na Kenya na Uganda, hatujaandika jinsi Bariadi na Nungwi zitakavyoachana.

Na pasipoandikwa tumekwishaona kinachofuata. Machi 2008 askari wetu wa Tanzania walishuka Nzwani pamoja na wa Umoja wa Afrika kumwondoa kiongozi aliyekuwa ameipa kisogo serikali ya Komoro. Kisiwa kile kilikuwa kimetangaza kujitenga tangu 1997. Miaka zaidi ya kumi ya vikao, vikwazo na mapatano, na mwisho wake meli na bunduki. Sitamani kuliona jambo hilo likisogea kaskazini.

Linganisha na Scotland. Mwaka 2022 mwanasheria mkuu wa serikali yao, Dorothy Bain, mtu mwenye kazi kama yako, alilipeleka yeye mwenyewe swali mbele ya Mahakama ya Juu ya Uingereza: je, Bunge letu linaweza kuitisha kura ya kujitenga bila ruhusa ya London? Novemba ile akajibiwa hapana, majaji wote kwa sauti moja. Alishindwa. Akaendelea na kazi yake, na kila Mscotland akajua sheria imesimama wapi. Kanada nako, 1998, serikali ya Quebec ilikataa kufika mahakamani swali la kujitenga lilipokuwa likisikilizwa. Mahakama ikateua wakili wa kusema hoja zao, kwa kuwa iliona haifai kuamua juu ya watu wasiokuwa na msemaji. Ikasema Quebec haiwezi kujiondolea yenyewe tu, lakini pia ikasema watu wake wakitamka kwa wingi ulio wazi, kwa swali lililo wazi, wengine wote wanawajibika kukaa nao kuzungumza. Upande ambao haukutokea ndio uliopata neno hilo. Sisi hatuna mahakama ya kutuonea huruma namna hiyo. Yetu haikai mpaka uiite.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba yafuatayo.

Fungua shauri. Ubishi upo tayari, huna haja ya kuutengeneza: "Tanzania ni nchi moja" dhidi ya "Zanzibar ni nchi". Andika swali moja juu yake na lingine litokanalo nalo: upande mmoja ukitaka kutoka, unatoka kwa kura ipi, ya nani, na raia waliochanganyika wanakuwa wa wapi? Usiombe kuvunja. Omba tafsiri.

Itangaze nusu ya wajumbe ambayo Zanzibar inapaswa kuiteua, kwa majina na sifa zao, ili Serikali ya Muungano isiwe na kisingizio cha kuchelewesha ya kwake. Nasi huku tutaanza kuwabana wabunge wetu juu ya hao watakaoitwa wa Bara, kuanzia na wa mkoa huu.

Chapisha msimamo wa kisheria wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar juu ya Muungano, kwa Kiswahili, kijitabu ambacho mwalimu wa Uraia anaweza kukishika. Weka na nakala ya Hati ndani yake.

La nne lipeleke kwenye Baraza la Wawakilishi, ambamo wewe mwenyewe umo: tungeni kinga ya sheria kwa anayekalia kiti chako, asiondolewe kwa sababu ya ushauri alioutoa. Orodha ya 1964, 1984 na 2014 inatosha. Bila kinga hiyo najua barua yangu inakuomba uuweke mkate wako rehani, na sina haki ya kumwomba hivyo mtu mwenye familia bila angalau kulisema.

Najua pia hofu iliyopo, kwamba ukilifungua jalada hili Muungano utameguka. Mimi naamini kinyume. Baba wa mjukuu wangu hataondoka Nungwi kwa sababu majaji wameeleza sheria. Ataondoka siku umati utakapoamua usiku mmoja kwamba yeye ni mgeni, na siku hiyo mimi na wewe hatutakuwa na karatasi ya kumwonesha mtu.

Ukinijibu, nijibu gazetini, nami nitakata kipande nikipeleke shuleni. Binti yule wa dawati la nyuma sasa ni mwalimu hapo hapo, anafundisha kidato cha pili.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa pamba,
Bariadi, Simiyu.

Nakala: Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Dodoma, Spika wa Baraza la Wawakilishi, Zanzibar, wabunge wote wa Mkoa wa Simiyu.